Mwalimu wa Muda Naye Yu Zamuni

Itimiapo saa 11 za jioni, kilima cha Nakasero hubadilika hali yake. Watumishi wa wizara na wa mabenki huteremka kuelekea kwenye teksi, wauzaji wa soko la Nakasero huanza kufunika matunda yao, na askari wa zamu ya mchana huwakabidhi wenzao malango ya majengo ya Serikali. Saa hiyo hiyo kuna watu wanaopanda kilima wakati wenzao wanateremka. Hao ni wanafunzi wa madarasa ya jioni. Miongoni mwao wamo askari jeshi na askari polisi waliokwisha kuvua sare zao, wakiwa na madaftari kwapani. Na nyuma yao, akihema kwa uzito wa mkoba, huja mtu ambaye makala yetu ya leo yanamhusu: mwalimu wa muda wa fasihi na uandishi.

Mwalimu wa muda ni nani? Ni mtu mwenye shahada, aghalabu shahada ya pili, ambaye chuo humwita afundishe somo moja au mawili kwa muhula mmoja. Hana ofisi, hana likizo ya malipo, wala hana pensheni ya kutazamia. Hulipwa kwa saa alizosimama mbele ya wanafunzi, na muhula ukiisha, mapatano yake nayo yamekwisha. Ili apate kuilisha nyumba yake, hufundisha vyuo viwili au vitatu, asubuhi huku na jioni kule, na malipo yake mara nyingi humfikia baada ya mitihani kwisha kusahihishwa.

Walimu wa namna hii hawakuzuka kwa bahati. Hadi mwaka 1988 nchi yetu ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, yaani Makerere. Mwaka huo kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale, na mwaka 1989 kikafuata cha Mbarara. Katika miaka ya 1990 vyuo vya binafsi vilianza kuongezeka, na Makerere yenyewe ikafungua milango yake wakati wa jioni kwa wanafunzi wanaojilipia. Wanafunzi waliongezeka upesi kuliko nafasi za kudumu za walimu. Pengo lile lilipasa kuzibwa, na mwalimu wa muda ndiye aliyeitwa kuliziba.

HESABU YA KAZI YAKE

Hebu tufanye hesabu, kama tufanyavyo tunapogawa posho ya kikosi. Tuchukue darasa la uandishi lenye wanafunzi 60. Kila mmoja anaandika insha ya kurasa 3. Kuisoma insha moja kwa uangalifu, kuonyesha makosa yake na kuandika neno la mashauri, kunahitaji dakika 15. Insha zote 60 ni dakika 900, yaani saa 15. Lakini kwa juma hilo mwalimu atahesabiwa saa 3 tu alizosimama darasani. Zile saa 15 huzifanya usiku nyumbani kwake, au ndani ya teksi, au kwenye kibaraza akingoja darasa la kwanza litoke.

Mwalimu wa hesabu aweza kutazama jibu la mwisho akajua kama ni sahihi au si sahihi. Mwalimu wa uandishi hana njia hiyo ya mkato. Hana budi kusoma kila sentensi, kwa kuwa kosa laweza kuwa limejificha katika neno moja. Akichoka akaacha kusoma, hakuna mtu atakayemkamata. Atatia alama, mwanafunzi atafurahi, na mambo yataendelea kama kawaida, ila mwanafunzi atakuwa hakujifunza kitu. Hivyo basi elimu hii yote imesimama juu ya uaminifu wa mtu anayefanya kazi isiyohesabiwa. Sisi tuliozoea lindo la usiku twajua maana ya kukesha pasipo mtu wa kukukagua.

BUNDUKI ILIPOTEA

Huenda msomaji akauliza: Askari ana haja gani na fasihi? Tutamjibu kwa jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulipotoka katika chuo cha maofisa kadeti tulidhani kwamba tunajua kuandika. Tulikuwa tumefundishwa taarifa ya doria na mpango wa amri za mapigano, kila jambo na fungu lake. Kisha tukajiandikisha katika darasa la jioni. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini mifano tutakayoitoa hapa tumeiweka katika lugha yetu ya jeshini.

Katika insha yetu ya kwanza tuliandika hivi: “Bunduki ilipotea wakati wa usiku.” Mwalimu aliichora mstari kwa wino mwekundu na kuandika pembeni maneno matatu: “Nani aliyeipoteza bunduki?” Twakiri kwamba tulikasirika. Tulipokwenda kumwuliza, alitueleza kwa upole kwamba bunduki haina miguu, na kwamba sentensi yetu ilikuwa imemficha mtu. Tulirudi kambini tukitafakari. Ni taarifa ngapi tulizokwisha kuandika au kutia sahihi, ambamo risasi zilifyatuliwa, mali ikaharibiwa, mtuhumiwa akajeruhiwa, na katika yote hayo hakuna mtu aliyetajwa kuwa ndiye mtendaji?

Mfano wa pili uwahusu hasa ndugu zetu polisi. “Mlinzi alimfukuza mwizi akaanguka akavunjika mguu.” Je, ni nani aliyevunjika mguu? Aliyeandika anajua, kwa sababu alikuwapo. Hakimu hajui, na wakili wa mtuhumiwa hatakosa kuuliza. Sentensi ya namna hiyo yaweza kumwachia mwenye hatia, au kumtia kifungoni asiye na hatia, ilhali mwandishi wake hakukusudia uovu wowote. Alikosa tu mtu wa kumwambia mapema kwamba maneno yake yana maana mbili.

Na fasihi yenyewe? Anayesoma tamthilia au riwaya kwa kuongozwa vyema hujifunza kwamba kila msimulizi amesimama mahali fulani, kwamba mtu aweza kusema kweli na bado akaacha jambo, na kwamba wakati mwingine lililoachwa ndilo kubwa. Mpelelezi anayeyajua hayo humsikiliza shahidi kwa sikio jingine. Ofisa anayeyajua hayo husikiliza malalamiko ya askari wake kabla ya kutoa adhabu.

OKOT P’BITEK NA NAKASERO

Chini ya kilima, jirani na Bunge, limesimama Jumba la Taifa la Maonyesho lililofunguliwa mwaka 1959. Askari wengi hulipita kila siku. Ni vizuri wajue kwamba mwaka 1966 mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa kilichomo humo alikuwa Okot p’Bitek, mzaliwa wa Gulu, ambaye mwaka ule ule kitabu chake Song of Lawino kilichapishwa na kumpatia sifa ulimwenguni. Wapenzi wa kandanda watafurahi kusikia kwamba mtu huyu alikwenda Uingereza mwaka 1956 pamoja na timu ya taifa ya mpira, akabaki huko kusoma.

Kabla ya kuja Nakasero, Okot alifanya kazi Gulu katika idara ya Makerere ya masomo ya nje ya chuo, iliyoanzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya watu wazima wasioweza kukaa chuoni. Yaani alifanya kazi iliyo jamaa ya kazi ya mwalimu wetu wa jioni: kuipeleka elimu kwa mtu mwenye ajira, familia na uchovu wake. Cheo chake cha Nakasero hakikudumu. Hakupatana na Serikali ya wakati ule, na kufikia mwaka 1968 alikuwa Kisumu, nchini Kenya, akifanya kazi ile ile ya masomo ya nje ya chuo. Baadaye alikuwa Iowa, Marekani, kisha Nairobi kwa miaka mingi, kisha Ife, Nigeria. Hatusemi kwamba alikuwa kibarua wa saa. Alikuwa na vyeo vyake. Lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya ualimu alikuwa mgeni katika nchi za watu, na vijana waliofaidi maarifa yake walikuwa wa nchi hizo.

Mwaka 1982 Makerere ilimwita nyumbani, ikampa uprofesa wa uandishi wa kubuni. Mwezi wa Julai mwaka huo huo akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 51. Taifa lilikuwa limempatia mwalimu wake kiti cha kudumu wakati siku zake zilikuwa zimekwisha kuhesabika. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu hakuna ajuaye ni nani miongoni mwa walimu wanaopanda Nakasero leo na mikoba yao atakayehitajiwa kesho, wala kama kesho hiyo atakuwa bado yupo.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo sisi wenye sare hatuna ruhusa ya kuikwepa. Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia Oluyimba lwa Wankoko, aliongoza Jumba lile lile la Maonyesho. Mwaka 1977, alipokuwa amerudi kutoka kwenye tamasha kubwa la utamaduni huko Lagos, alikamatwa na watu wa usalama wa utawala wa wakati ule, akauawa. Makao ya idara yao ya upelelezi yalikuwa Nakasero hapa hapa. Kwa miaka mingi mtu wa kalamu alipomwona mtu wa bunduki aliogopa, naye alikuwa na sababu ya kuogopa. Leo askari anapoketi benchi la mbele, anapofungua daftari na kumwita mtu yule “mwalimu”, naye mwalimu akimwita “afande” kwa utani, hofu ile inapunguka kidogo. Jambo hilo ni kubwa, hata kama hufanyika katika chumba chenye taa moja iliyoungua.

WAJIBU WETU

Wenzetu wa majeshi yote, twaomba mambo matatu. Kwanza, mwenye nafasi ya kusoma afike darasani kwa wakati, na akipangiwa zamu ya ghafla ampashe mwalimu habari kabla. Pili, sare isigeuzwe kuwa hoja ya kuombea alama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapo darasani cheo ni kimoja, mwanafunzi. Insha iandikwe na mwenyewe, kwa kuwa aliyekesha kuisoma hakulipwa kwa kukesha huko. Tatu, makamanda wampangie zamu askari anayesoma kwa namna itakayomwezesha kuhudhuria, maana taarifa atakayoiandika vyema mwakani itawaokoa wao pia.

Wanaosimamia vyuo nao wana wajibu wao. Sisi hatukutumwa kuwapangia bajeti. Twasema tu lile ambalo kila mwanajeshi analijua, kwamba mtu aliyewekwa kwenye lindo hupelekewa posho yake kwa wakati, wala haambiwi angoje hadi vita viishe. Na mtu aliyelinda vizuri mihula kumi, astahili kuulizwa kama angependa kupewa mahali pa kudumu.

Madarasa hufungwa yapata saa 3 za usiku. Mwalimu huyapanga makaratasi mkobani, huzima taa mwenyewe, na kuanza kuteremka kwa miguu kupitia sokoni kwenda kutafuta teksi. Askari uliye lindoni, ukimwona mtu huyo akipita peke yake, mpe salamu, na pale palipo na giza msindikize hatua chache kwa kadiri zamu yako inavyokuruhusu. Katika mkoba ule huenda imo insha ya mwenzako wa kikosi, nayo itasomwa usiku huu huu kabla mwenyewe hajalala.