Maporomoko ya Sheldrick: Panga njia ya kurudi kabla ya ile ya kwenda

Kundi lenu la WhatsApp limeshapitisha hoja: Jumamosi hii hamwendi Pirates tena. Mumechoka na mchanga, mumechoka kupigwa picha zile zile za ngamia. Mnataka miti, kijito na njia ya kutembea ambayo hata yule rafiki anayehema akipanda ngazi za orofa ya pili ataimudu.

Jibu liko Kwale, kama kilomita 30 tu kutoka Likoni. Ndani ya Hifadhi ya Shimba Hills kuna njia ya msituni inayoteremka kama kilomita mbili hadi maporomoko ya Sheldrick, ambako maji huanguka kutoka urefu wa mita 21. Si mlima Kenya, wala hauhitaji kamba au vifaa vya ajabu. Lakini njia rahisi haimaanishi njia ya kukurupukia.

Tuanze na usafiri, maana hapo ndipo mipango mingi ya vijana wa Mombasa hufia. Ukiwa Likoni umeshaula: panda matatu ya Kwale, inayoacha barabara ya Ukunda pale Kombani na kuanza kukwea vilima. Wa Kisauni lazima avuke kisiwa kizima na feri juu yake, kwa hivyo akitoka nyumbani saa mbili asubuhi amewachelewesha nyote. Wa Changamwe siku hizi ana bahati kuliko wote. Barabara ya Dongo Kundu inamtoa upande wa Miritini, inampitisha juu ya daraja la Mteza, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kumtupa Kibundani bila hata kuiona feri.

Sasa, kitu ambacho wengi hugundua wakiwa tayari langoni: matatu ya abiria hukuacha Kwale mjini, na hifadhini huingii kwa miguu wala kwa bodaboda. Kuna ndovu mle ndani, na si wachache. Mwaka 2005 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilihamisha ndovu 150 kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki kwa sababu walikuwa wamezidi na kugombana na wakulima, na bado waliobaki wanatosha kukukatizia njia. Kwa hivyo lazima muwe na gari. Hapa ndipo wingi wa watu unapowafaa: changeni watu kumi na watatu mkodi matatu nzima ya viti 14, mpatane na dereva bei ya kutwa, na mhakikishe anajua kwamba atawasubiri. Dereva anayetaka "kuwaacha kidogo apige trip moja ya Ukunda" mkatae mapema.

Ada ya kuingia hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, na pesa taslimu hazipokelewi. Gari nalo hulipiwa kulingana na idadi ya viti. Usitegemee bei uliyoambiwa na binamu aliyekwenda mwaka juzi. Ingia uangalie mwenyewe kabla hamjaanza kuchanga. Na kila mtu abebe kitambulisho, la sivyo mtabishana langoni kuhusu nani ni raia huku jua linapanda.

Matembezi ya kwenda Sheldrick huongozwa na askari wa KWS mwenye silaha, na kwa kawaida huanza saa nne asubuhi na saa nane mchana. Chagueni ya saa nne. Ile ya saa nane itawafikisha Likoni wakati kila mtu anataka kuvuka, na wa Kisauni ndiye atakayelipia uamuzi huo.

Njia yenyewe ina hila moja. Mlima wa kawaida unaukwea ukiwa na nguvu, kisha unashuka ukiwa umechoka. Sheldrick ni kinyume: unaanza kwa kuteremka, kivuli kizuri, vicheko, kila mtu akijiona bingwa. Kisha unafika chini, unalowa, unakula, unapiga picha, na ndipo unapokumbuka kwamba gari liko kule juu. Wanaokwama hukwama wakati wa kurudi. Basi kila mtu abebe angalau lita moja na nusu ya maji, na nusu yake isiguswe mpaka mnapoanza kupanda. Yule wa mwendo wa polepole mumweke mbele, nyuma ya askari, ili yeye ndiye aamue kasi. Mkimwacha nyuma atakuwa anafika mnapopumzika na nyinyi mnaondoka anapofika. Huo si urafiki.

Kuna jambo jingine la kuuliza kabla, tena faraghani, si kwenye kundi mbele ya watu wote. Pwani ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye wagonjwa wengi wa selimundu, na vijana wengi walio nayo hawaitangazi. Kwa mtu kama huyo, kukosa maji mwilini, kujichosha kupita kiasi, au kuruka kwenye maji baridi akiwa na joto la mwendo kunaweza kuamsha maumivu makali ya kumpeleka hospitalini. Si lazima abaki nyumbani. Lakini azungumze kwanza na daktari wake, anywe maji kila mara, na asishawishiwe kuingia chini ya maporomoko kwa kelele za "usiwe mwoga bana!" Mwenye pumu naye aweke dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake, si kwenye begi lililobaki garini. Waambieni pia watu wa nyumbani mnakokwenda na saa mnayotarajia kurudi. Usitegemee mtandao ukiwa bondeni.

Mavazi? Raba zenye meno, suruali ndefu nyepesi. Ndara zibaki nyumbani, njia huteleza. Na tafadhali, si nyeusi wala buluu, hata kama zinakupendeza kwenye picha. Shimba Hills kuna mbung'o, na rangi hizo mbili ndizo wanazotengenezea mitego ya kitambaa kwa sababu mbung'o huzifuata.

Kwa chakula, mahamri, viazi karai, ndizi na tende vinatosha na havimwagiki. Maji myatie kwenye chupa za kudumu, maana tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, pamoja na zile chupa za dukani. Sabuni na shampuu pia msibebe. Chemchemi za Marere, katika vilima hivi hivi, ni moja ya vyanzo vinavyoletwa Mombasa kwa bomba. Wewe unayelalamika kwamba mfereji umekauka wiki nzima na mkokoteni wa maji umepandisha bei ya mtungi, msitu huu ni sehemu ya kesi yako.

Mkibahatika, mkiwa garini mtamwona palahala, swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma kama jambia. Kote Kenya yuko hapa tu. Dereva asimame, mzime muziki.

Msipange safari hii Aprili au Mei. Masika hufanya mteremko kuwa utelezi na kijito kujaa ghafla. Hata mwezi mwingine, mvua ikinyesha usiku kucha, pigieni hifadhi simu kabla ya kuondoka, na askari akisema leo hapana, msimbembeleze. Nguo kavu ziacheni garini.