Kabla ulipie skani ya mgongo, jua unatafuta nini

Nilidhani ni kiti. Tangu niache chuo nimekuwa nikijikunja juu ya laptopu usiku na mchana, kwa hivyo kiuno kilipoanza kuuma mwaka jana, sikushtuka. Kisha maumivu yakateremka tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja, yakafika hadi kidole gumba cha mguu. Ilikuwa kama kushikwa na stima.

Bila kuona daktari, niliingia kituo kimoja cha skani huko Embu kama mtu anayeingia kibanda kununua chapo. Jamaa wa kaunta akauliza, CT ama MRI? Nikamuuliza ipi ni ya bei nafuu. CT. Nikalipa pesa iliyokuwa ya kodi ya nyumba.

Ripoti ikasema mifupa iko sawa. Mguu nao ukaendelea kuwaka.

Wiki mbili baadaye ndio nilimwona daktari wa mifupa. Hata kabla ya kushika ile bahasha, alinilaza chali, akainua mguu wangu ukiwa umenyooka, nikapiga nduru. Akapima nguvu za kidole, akanigusa hapa na pale nimwambie wapi kumekufa ganzi. Dakika kumi, mkono mtupu, na tayari alikuwa anajua ni mshipa gani wa fahamu umebanwa. Skani niliyolipia ilikuwa imejibu swali la mfupa, na mimi shida yangu haikuwa mfupa.

Sasa niwaeleze, maana hakuna aliyenieleza mimi. CT ni eksirei inayokuzunguka, halafu kompyuta inaunganisha picha vipande vipande kama mkate uliokatwa. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971. Na mmoja wa wawili waliopewa tuzo ya Nobel kwa hiyo kazi mwaka 1979, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg, kwa hivyo Afrika pia tuna mkono hapo. Kazi yake huisha kwa dakika chache na mfupa huonekana vizuri sana. Ubaya wake ni mionzi: CT moja ya mgongo inakupa kama ile unayopata kutoka mazingira kwa miaka 2 au 3. Si ya kukutoa mbio, lakini si ya kupigwa ovyo, na kama una mimba sema mapema.

MRI haina mionzi. Inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kusoma maji yaliyo mwilini, ndiyo maana inaona vitu laini: diski zile kati ya pingili, mishipa ya fahamu, na ugwe wenyewe unaopita ndani ya mgongo. Unalala ndani ya bomba dakika 20 hadi 45 bila kujitingisha, na kelele ni kama fundi wa mabati anafanya kazi juu ya kichwa chako. Kama una kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini, sema kabla ya kufika mlangoni.

Kwa hivyo CT si takataka. Binamu yangu kule Igembe alianguka kutoka juu ya mti wa miraa, na kwake CT ilikuwa ndiyo sahihi. Ilionyesha haraka pingili iliyopasuka na vipande vimekaa wapi, daktari akajua afanye nini. Ni vivyo hivyo kwa ajali za bodaboda na za barabara ya Meru kwenda Embu, ile ya daraja la Nithi ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa. Miguu ikikataa kusonga baada ya kuanguka, MRI huongezwa, kwa sababu hapo ugwe ndio uko hatarini.

Na kuna dalili ambazo hazingoji mshahara: ganzi katikati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, miguu kulegea siku baada ya siku. Hiyo ni hospitali leo, usiku huu. Maumivu ya mgongo yenye homa, jasho la usiku na kukonda nayo yachunguzwe mapema, maana TB hukaa kwenye mgongo pia.

Kama huna hayo, maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki 6 bila skani yoyote. Hata MRI inaweza kukutisha bure. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2015 ulikuta kwamba kwa watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, karibu 30 kati ya 100 wana diski iliyovimba kidogo. Picha bila mtu aliyekupima mwili ni kupiga ramli.

Yangu ilipatikana kwa MRI: diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, imetokeza kushoto, palepale daktari alipokuwa amesema. Safari hii nilikuwa na fomu yake, na niliuliza kwanza kama SHA inalipia. Sikupasuliwa. Nilifanya mazoezi ya fiziotherapi miezi mitatu, na sasa naandika nikiwa nimesimama.

Filamu ya CT bado iko juu ya kabati. Mathe hataki itupwe, anasema hiyo ni kodi ya nyumba.