Ngao ya Buganda ilivyoshindwa na mzigo wa msafara

KAMPALA. Mfanyabiashara, itazame sarafu ya shilingi 500 ya Uganda kabla hujaitoa kama chenji. Upande mmoja pana ngao na mikuki miwili iliyopishana.

Ngao ya Waganda ilikuwa ubao mwepesi uliovikwa ufumaji kama wa kikapu, ncha zake zimechongoka, katikati pana kifundo cha mti. Mkuki ulikwama hapo. Risasi haikukwama.

Na risasi ililetwa na wachuuzi, si jeshi. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara kutoka pwani, alifika kwa Kabaka Ssuuna II kwa njia ya Karagwe. Misafara iliyofuata ilileta vitambaa na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa. Muteesa I alizitafuta bunduki hizo kwa bidii. Tarehe 24 Januari 1892, Waganda Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana Mengo, zilikuwa pande zote mbili, na Kapteni Lugard wa Uingereza alikuwa na Maxim.

Huko Ulaya mashujaa wa farasi walipata muda. Kutoka vazi la pete za chuma walifikia mabamba ya mwili mzima karne ya 15. Bunduki zilipokuja, wahunzi waliongeza unene hadi uzito ukawashinda wavaaji. Wakaacha vya miguuni, kisha vya mikononi, kikabaki cha kifuani. Ilichukua zaidi ya miaka 200. Buganda haikupata hata 50.

Mwaka 1962 ngao ikarudi, kama nembo ya taifa.