Utangulizi: Mbu wa Kwenye Karatasi

Mwanafunzi anayeingia kwenye somo la hesabu za magonjwa ya kuambukiza hukutana mapema na jambo la kukera: milinganyo tunayomfundisha haisemi kweli yote, na sisi walimu tunalijua hilo. Karibu uanze na kero hiyo.

Mwaka 1897, huko Secunderabad nchini India, daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Kuwapiga vita mbu hao kukapata wapinzani: nani atawamaliza wote? Ross, mpenzi wa hesabu, akajibu kwa kalamu. Alionyesha kwamba mbu wakipungua chini ya kiwango fulani kwa kila mkazi, ugonjwa hufifia ingawa mbu wangalipo. Katika hesabu yake watu wote ni sawa, mbu wote ni sawa, na kila mtu huumwa sawa na jirani yake. Kijiji cha namna hiyo hakijawahi kuwepo.

George Macdonald aliiendeleza hesabu ya Ross, na kitabu chake kikatoka mwaka 1957. Hapa ndipo ninapopenda kukaa. Kimelea hukomaa ndani ya mbu kwa siku kadhaa kabla mbu hajaweza kuambukiza, tuseme 12. Ikiwa kila siku mbu 90 kati ya 100 wanaiona kesho, watakaofikisha siku hizo ni 28 hivi. Wakiwa 80 badala ya 90, watafika 7 tu. Fukia nusu ya mazalia, utapunguza mbu kwa nusu basi. Punguza kidogo nafasi ya mbu mzima kuiona kesho, na wenye hatari hubaki robo. Ndiyo maana dawa hupuliziwa ukutani, mahali mbu anapotua akishashiba damu, na ndiyo nguvu ya vyandarua vyenye dawa.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba mbu hazeeki. Huzeeka, bila shaka. Lakini ukimzeesha kwenye milinganyo, tarakimu zitasogea na ushauri utabaki uleule, kwa sababu kinachoamua ni kule kuzidisha siku baada ya siku.

Si kila kilichoachwa nje hakina madhara. Huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, katika miaka ya 1970, dawa ilipuliziwa kwa bidii na malaria ikapungua bila kukatika. Wapo mbu wanaotua nje, ambako ukuta wenye dawa hauwagusi. Modeli inayodhani mbu wote hulala ndani ilitoa matumaini makubwa mno. Vilevile, anayetaka kujua chandarua kianze nyumba ipi hawezi kutumia hesabu isiyotofautisha nyumba. Kwa hiyo swali litangulie, ndipo tuamue cha kuacha. Wengi wa wanafunzi wangu huanza kinyume, kwa kurundika kila wanachokijua, na mwisho hawajui kipi kimeleta jibu.

Kompyuta tutaifikia sura ya nne. Kwa sasa chukua karatasi na kalamu, urudie hesabu ya Macdonald kwa siku 10, kisha kwa 14.