Mrushaji mpira aliyeitwa tena akiwa na miaka 39

Huenda una kijana pale nyumbani, Mishomoroni au kwingineko, ambaye kila jioni huacha vitabu na kukimbilia uwanjani. Nawe humkemea: "Mpira utakulisha?" Kabla hujamkemea tena, hebu sikia habari za Aasif Karim.

Karim alizaliwa hapa Mombasa mwaka 1963. Mchezo wake ni kriketi, na kazi yake kikosini ilikuwa kurusha mpira kwa mkono wa kushoto, polepole, ukizunguka hata ukidunda humbabaisha mpigaji. Katika tenisi pia aliiwakilisha Kenya kwenye Kombe la Davis. Lakini riziki yake aliitafuta katika biashara ya bima.

Alikuwamo kikosini Kenya ilipoishangaza West Indies katika Kombe la Dunia la 1996. Mwaka 1998 akiwa nahodha, Kenya iliilaza India mjini Gwalior. Kombe la 1999 lilikuwa chungu: Kenya ilishindwa mechi zote. Karim akastaafu, akarudi kwenye bima yake.

Miaka minne baadaye akaitwa tena. Machi 15, 2003, mjini Durban, Australia, waliokuwa mabingwa wa dunia, walikuwa wakielekea kushinda bila jasho. Karim, mzee wa miaka 39, akapewa mpira. Akamtoa Ricky Ponting, kisha Darren Lehmann na Brad Hogg. Alirusha mipira 50, wakapata mikimbio saba tu! Australia walishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora ilimwendea Karim. Siku tano baadaye Kenya ilishindwa na India katika nusu fainali, naye akaaga.

Sasa mzazi, tazama yaliyofuata. Wachezaji na wasimamizi walizozania malipo, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Kwa mchezaji asiye na kazi nyingine, hilo ni pigo la tumbo.

Kwa hivyo usimnyime mwanao uwanja. Mwambie tu kwamba kipaji kinaweza kumpa heshima ya siku moja isiyosahaulika, lakini kodi ya nyumba hulipwa kila mwezi. Nawe kijana, ukiona wenzako wana kasi kukushinda, usikate tamaa. Karim hakuwa na kasi. Alikuwa na subira, na subira huvuta heri.