SIDIRIA: NAMBA NA HERUFI ZAKE ZINAHUSIANAJE?

Makambako ni njia panda. Barabara kuu iendayo Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni mjini humo. Si ajabu basi kwamba bidhaa za sokoni zimetoka pande nyingi za dunia. Mnunuzi akichambua sidiria juu ya meza moja aweza kukuta zilizoandikwa 34B, 75B na 90B, akadhani kuwa hizo ni saizi tatu. Kumbe ni moja. Akikuta 34C na 36B, atadhani kuwa ile ya C ndiyo yenye vikombe vikubwa zaidi. Navyo vikombe vyake vina ujazo ulio karibu sawa.

Jambo hili aghalabu halizungumzwi darasani, na msichana huachiwa akisie. Makisio hayo yana gharama. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wasichana 2,089 wa shule, wenye umri wa miaka 11 hadi 18. Karibu nusu yao walisema kuwa matiti yao huathiri kwa namna fulani ushiriki wao katika michezo. Kwetu, msichana aketiye kando wakati wenzake wakicheza netiboli huitwa mvivu, wala haulizwi kama anaumia.

Sidiria hupimwa kwa mizingo miwili. Wa kwanza ni mzingo wa kifua chini kidogo ya matiti, mahali ukanda unapokaa. Wa pili ni ule upitao juu ya matiti, pale yanapojitokeza zaidi. Namba hutokana na mzingo wa kwanza. Herufi haitokani na mzingo wa pili, kama wengi wadhanivyo, bali na tofauti kati ya mizingo yote miwili. Kwa hiyo mtu asemaye "mimi ni C" hajasema lolote bado.

Tuchukue mfano wa msichana mwenye mizingo ya sentimita 76 na 91. Tofauti ni 15. Katika kiwango cha Ulaya namba hupanda kwa hatua za sentimita 5, na herufi kwa hatua za sentimita 2: tofauti ya 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Huyu basi ni 75B. Wafaransa huongeza 15 juu ya namba, wakaandika 90B. Waingereza hutumia inchi, na kwao mizingo hiyo ni 30 na 36. Kwa desturi ya zamani ambayo viwanda vingi vingali vinaifuata, mzingo wa chini huongezwa 4, ikapatikana namba 34. Kisha 34 huondolewa katika 36, ikabaki 2. Inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Nyongeza hiyo ya 4 ndiyo ichanganyayo wengi, kwani namba 34 iliyo kwenye lebo si inchi za ukanda wenyewe. Herufi nazo si za kale sana: kampuni ya S. H. Camp ya Marekani ilianza kuzitumia, A hadi D, mwaka 1932.

Hapa wakazi wa Njombe wana tatizo lao la pekee. Mwezi Juni au Julai, nani atavua sweta ili apimwe? Sweta lenye unene wa nusu sentimita huongeza nusu kipenyo kwa 0.5, na kwa hiyo mzingo huongezeka kwa 2 × 3.14 × 0.5, yaani sentimita 3 na ushei. Ongezeko hilo huingia katika mizingo yote miwili. Msichana wetu sasa ana 79 na 94. Tofauti ni ile ile 15, na herufi ni ile ile B. Lakini namba imeruka hadi 80. Atanunua 80B, na itampwaya kila mahali, hata vikombeni.

Kwa nini vikombeni, ilhali herufi haikubadilika? Fikirini mabakuli mawili yenye kina kimoja. Lenye mdomo mpana hubeba maziwa zaidi. Vivyo hivyo, ukanda ukirefuka, kikombe chenye herufi ile ile hupanuliwa pamoja nao. Ndiyo sababu 36B, 34C na 32D zina vikombe vya ujazo ulio karibu sawa: namba ikishuka hatua moja, herufi hupanda moja. Mwenye ukanda unaopwaya lakini vikombe vimemkaa vyema, na ahesabu hivyo.

Ukanda una kazi kubwa kuliko idhaniwavyo. Ukiwa wa kadiri yake, huo ndio ubebao sehemu kubwa ya uzito. Ukilegea, hupanda mgongoni, na mzigo huhamia kwenye kamba za mabegani. Kanieneo ni kani kugawanywa kwa eneo. Kamba mbili zenye upana wa sentimita 1.5, zikigusa bega kwa urefu wa sentimita 10 kila moja, zina eneo la sentimita za mraba 30. Ukanda wa sentimita 75 kwa 4 una 300. Mifereji myekundu mabegani humaanisha mara nyingi kuwa ukanda ni mrefu mno. Wengi hujibu kwa kukaza kamba, na maumivu huzidi.

Nyuzi za mpira nazo huchoka kwa kuvutwa, kwa jasho na kwa joto. Shirika la Viwango Tanzania haliruhusu nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, kwa sababu za afya. Sisi twaweza kuongeza sababu ya fizikia, kwamba ukanda uliochoka haulingani tena na lebo yake. Hata iliyo mpya yafaa ikae barabara kwenye kulabu ya nje kabisa, ili mpira utakapolegea zibaki kulabu za ndani za kuikazia. Msichana anayekua na apimwe upya kila baada ya miezi michache, bila sweta.