Picha Iliyogoma Kuwaka

Mwaka jana nilikuwa fildi, nafundisha Fizikia kidato cha tatu katika shule moja ya kata. Mada ya siku hiyo ilikuwa umeme. Nikachora betri ubaoni, nikachora taa, nikaviunganisha kwa mistari iliyonyooka kweli kweli, kisha nikaandika kanuni ya Ohm pembeni. Wanafunzi wakanakili. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, wewe umeshawahi kuiwasha hiyo?"

Nikamjibu kwamba tutafika huko. Hatukufika. Maabara haikuwa na balbu hata moja nzima, hilo ni kweli, ila siyo lililonifanya nikwepe swali. Nilikwepa kwa sababu sikuwahi. Fizikia ya kidato cha nne nilipata A, ya kidato cha sita nikapita vizuri, na hapa chuoni nilikuwa nimekokotoa mikondo ya sakiti zenye matawi manne. Kwenye praktiko tulisoma mita ambazo fundi wa maabara alishaziunganisha kabla hatujaingia. Sakiti ya kwangu mwenyewe, niliyoibuni na kuifunga kwa mikono yangu ikawaka, sikuwa nayo hata moja.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mimi ni mtoto wa fundi redio. Baba alikuwa na kibanda sokoni Ifakara, kibanda cha mabati chenye meza moja, taa ya meza, pasi ya risasi, na redio za watu zilizofumuliwa matumbo. Nilikuwa nakaa pale nikitoka shule. Nikisogeza mkono tu kwenye pasi ananifukuza: "Wewe hiyo mikono ni ya kushika kalamu." Alifariki nikiwa kidato cha pili. Kalamu nikaishika, kama alivyotaka.

Niliporudi chuoni, rafiki yangu anayesoma Sanaa akanivuta Jumamosi moja jioni hadi vimbwetani nyuma ya bweni letu. Walikuwepo watu kama wanane: wa Sanaa, wa Kiswahili, wa Sheria, na kaka mmoja wa Uhandisi ambaye kila mtu alidhani ndiye angekuwa fundi mkuu (hakuwa). Kila mmoja ana kipande chake cha manila, anachora, kisha anatoboa matundu pale anapotaka mwanga utokee. Mmoja alichora daladala yenye taa za mbele. Mwingine alikuwa anatengeneza kadi ya harusi ya dada yake. Dada mmoja aliyekulia Mafia alichora mashua za dagaa usiku, karabai zikiwaka juu ya maji. Sharti lao lilikuwa moja: usichore kitu ulichokiona kwenye simu ya mtu, chora cha kwako.

Ngoja nieleze vifaa, maana ndivyo watu wanavyoniuliza kwanza. Betri ni ile bapa ya duara inayoandikwa CR2032, iliyomo kwenye kompyuta za mezani na kwenye rimoti za magari. Namba yake siyo ya mapambo: 20 ni kipenyo chake kwa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Inatoa volti 3. Taa ni LED ndogo za miguu miwili, zinauzwa Kariakoo kwa mafungu. Njia ya kupitishia umeme, wenzetu ughaibuni wanatumia utepe wa shaba wenye gundi; sisi tunakata vipande vyembamba vya foili ya kufungia chakula, au tunachuna nyuzi za shaba kwenye kebo za chaji zilizokufa. Na bweni gani halina kaburi la kebo za chaji?

Kabla ya kuchora chochote fanya hivi. Ingiza betri katikati ya miguu miwili ya LED, kama mtu anavyobana pipi kwa vidole, mguu mrefu uguse upande wenye alama ya kujumlisha. Inawaka. Igeuze, haiwaki. Haijaungua, LED ni dayodi, inaruhusu mkondo upite upande mmoja tu, na mguu mrefu ndio mlango wa kuingilia. Nilikuwa nimeandika sentensi hiyo kwenye mitihani sijui mara ngapi. Siku hiyo nilikaa naigeuza na kuigeuza tena, hadi rafiki yangu akaniuliza kama niko sawa.

Ukishaelewa hapo, picha nzima ni jambo lile lile lililotandazwa kwenye karatasi. Nyuma ya manila unapitisha njia mbili za foili, moja ya chanya na moja ya hasi, zisigusane popote. Miguu mirefu ya LED zote inalala kwenye njia ya chanya, mifupi kwenye hasi, na betri inakaa kwenye kona. Kona yenyewe inakunjwa: ukiikunja, foili ya juu inagusa mgongo wa betri na taa zinawaka, ukiiachia, zinazimika. Hiyo ndiyo swichi. Huhitaji risasi wala pasi.

Mimi nikaamua kuchora meza ya baba. Redio imefunguliwa, bisibisi, kikombe cha chai, na ile taa ya meza. Nilitaka taa mbili tu: LED nyeupe kwenye taa ya meza, na LED nyekundu kwenye kile kitaa kidogo cha redio kinachoonyesha kuwa imewashwa. Kazi ya jioni moja, nikajiambia.

Nikakunja kona. Nyekundu ikawaka, nyeupe kimya.

Nikadhani LED nyeupe ni mbovu. Nikaichomoa, nikaijaribu peke yake kwenye betri: inawaka vizuri tu. Nikaangalia foili. Hapo kweli nilikuta kosa, nilikuwa nimepitisha selotepu chini ya mguu badala ya juu yake, na gundi ya selotepu haipitishi umeme. Nikarekebisha. Nyeupe bado kimya. Kaka wa Uhandisi akasema betri ni feki, tukabadilisha betri. Kimya. Nikalala nayo kichwani, kesho yake nikakosa kipindi cha asubuhi (hilo wahusika wasilisome). Kama lingekuwa swali la zoezi, ningeshaandika jibu lolote niende zangu. Lakini ile ilikuwa meza ya baba, na meza ya baba bila ile taa haikuwa meza ya baba.

Jibu lilikuja kwa bahati. Nikiwa nasukuma karatasi pembeni, mguu wa LED nyekundu ukachomoka kwenye foili, na papo hapo nyeupe ikawaka. Nikairudisha nyekundu, nyeupe ikazimika. Nikaitoa, ikawaka. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Maelezo yake ni haya, na naomba uyafuate taratibu kwa sababu ndipo penye utamu. Taa zilizofungwa sambamba zinapata volti ile ile. Hilo kila mtu analijua. Ila kila rangi ya LED ina kiwango chake cha volti ambacho chini yake haitoi mwanga. Nyekundu inatosheka na kama volti 2. Buluu inataka karibu 3, kwa kuwa chembe ya mwanga wa buluu hubeba nishati kubwa kuliko ya mwanga mwekundu. Na nyeupe kwa kawaida ni buluu iliyojificha: ndani kuna LED ya buluu iliyopakwa kitu cha njano, mwanga wa buluu na wa njano ukichanganyika jicho linaona weupe. Kwa hiyo nyeupe nayo inataka karibu volti 3.

Sasa ile betri bapa ni dhaifu, ndani yake mna ukinzani wake wenyewe. Hiyo ni neema mara nyingi, kwa sababu inazuia mkondo usije kwa fujo, na ndiyo maana LED haiungui hata usipoweka rezista. (Ukitumia betri mbili za tochi, ambazo nazo zinatoa volti 3 lakini zina nguvu zaidi, nyekundu isiyo na rezista unaweza kuiua.) Ukiifunga nyekundu kwenye betri bapa, inafungua mlango mapema, inanywa mkondo, na volti kwenye njia zote mbili inashuka hadi karibu na ile 2 ya kwake. Nyeupe inabaki inasubiri volti 3 ambazo hazitafika kamwe. Ni kama nyumba ya kupanga yenye bomba moja: wa chini akifungua koki yake yote, wa ghorofani hapati hata tone.

Dawa ni kumbana wa chini. Unaweka rezista kwenye njia ya nyekundu peke yake, inywe kidogo, na volti ya wengine ibaki juu. Nikapiga hesabu: betri kama 2.9, nyekundu inakula 1.9, inabaki volti 1. Nikitaka mkondo wa miliampia 4 au 5 hivi, nahitaji ohmu 220 au karibu na hapo. Nikaenda kwa fundi simu wa getini. Akafungua kopo lake la rezista, na nilipoliona lile kopo nikasimama. Baba alikuwa na la kwake, la maziwa ya unga, limejaa vile vijipipa vyenye mistari ya rangi. Tulikuwa tunavimwaga mkekani na wadogo zangu tukivipanga kama shanga. Sikuwahi kujua kwamba nyekundu, nyekundu, kahawia ni 220. Fundi akanipa mbili, akakataa hela. "Chukua tu dada."

Nikaifunga. Nikakunja kona. Zikawaka zote mbili.

Hii kazi haikuanzia kwenye vimbweta vyetu. Kule Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, Leah Buechley alibuni LilyPad, sakiti za kushonwa kwenye nguo kwa uzi unaopitisha umeme, iliyoingia sokoni mwaka 2007. Jie Qi naye, akiwa MIT, akaeneza sakiti za karatasi kwa utepe wa shaba na LED zinazobandikwa kama stika. LED nyekundu ya kwanza ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini buluu yenye mwanga wa kutosha ilisubiri hadi miaka ya 1990, na Wajapani watatu walioifanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura (ambaye wakati huo alikuwa ameshachukua uraia wa Marekani), walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Zaidi ya miaka 30 kutoka nyekundu hadi buluu! Niliposoma hayo nilijisamehe siku zangu mbili.

Wapo wanaosema ni mchezo wa chekechea. Sakiti yenyewe ni rahisi kweli, sibishi. Ila niwaulize wenzangu wa Fizikia na Uhandisi: wangapi kati yetu tungejua kwa nini nyeupe imegoma, bila kuangalia simu? Yule dada wa Sanaa alikuwa ameshaligundua tatizo langu wiki tatu kabla, kwenye karabai zake, akalikwepa kwa akili: alitumia LED nyeupe tupu, akazifunika kwa makaratasi ya pipi ya rangi. Hajui kanuni ya Ohm. Nimemfundisha, na safari hii nilikuwa na cha kuelezea.

Tahadhari moja, na hii siyo mzaha. Zile betri bapa mtoto akizimeza zinaweza kuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa chache tu. Kama kadi inakwenda kwenye nyumba yenye wadogo, funga betri kwa selotepu pande zote isichomoke, na zile zilizoisha usiziache mezani. Nyingine ni ndogo: usitarajie picha iwake daima. Betri hiyo ina kama miliampia-saa 220, kwa hiyo ukichora miliampia 5 ubaoni utapata saa 44. Kwenye karatasi mwanga unaanza kufifia mapema zaidi.

Fildi ya mwaka huu nilipangiwa shule nyingine. Darasa la wanafunzi 70, nikaenda na LED 40 na betri 20 nilizonunua kwa bumu langu, na kipindi kikaisha wakiwa bado wamesongamana madirishani wakitafuta kivuli ili waone vizuri. Yule binti aliyeniuliza swali yuko kidato cha nne sasa, kule kule. Sikupangiwa kule tena.

Picha niliipeleka nyumbani likizo. Mama aliikunja kona mara nyingi bila kusema kitu. Kisha akasema, "Taa umeikosea. Baba yako alikuwa anashika pasi kwa mkono wa kushoto. Taa ilikaa kulia, kivuli kisimzibe."

Nilikuwa nimekaa pembeni ya meza ile miaka yote na sikuliona hilo. Usiku ule tukabandua selotepu, foili ikachanika, mama akaleta nyingine jikoni. Nikatoboa tundu upya upande wa kulia, yeye akiwa ameshika LED kwa vidole viwili karibu na macho yake, ananiuliza mguu mrefu ni upi.